Aliyeita Mara Moja

Mwalimu Valarie alikuja mwenyewe hadi Timbwani kumwombea Israa ruhusa, na kwa hilo peke yake Bi Mahfoudha alimkubali nusu. Walimu wa siku hizi hutuma ujumbe wa simu, tena wa maneno yaliyokatwakatwa. Huyu alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, akatoa shikamoo, akakalia mkeka ingawa sketi yake haikushonwa kwa ajili ya mkeka. Akaeleza kwamba kidato cha tatu kitakwenda mikokoni, nyuma ya Bofu, kusoma viumbe pale wanapoishi badala ya kuwasoma ubaoni, na kwamba Israa amechaguliwa kuwa kiongozi wa wenzake.

"Mikokoni," alisema Bi Mahfoudha, kama aliyetajiwa jela. "Na maji je?"

"Tutaingia yakiwa yamekupwa, bibi, na tutatoka kabla hayajarudi. Nitamleta mimi mwenyewe hapa mlangoni. Nakuahidi."

Israa alikuwa nyuma ya pazia, pumzi ameibana. Bibi yake alikuwa amemlea tangu hajaota meno, na alimlinda na bahari utadhani bahari ilimtumia posa. Safari zote za shule zilimpita. Alisikia kikombe kikiwekwa chini, kisha bibi akasema haya, mpeleke, bora umrudishe kama ulivyomchukua.

Mgeni alipoondoka, sharti likatolewa.

"Israa!"

"Abee, bibi!" Ndani ya nyumba ile, mtoto wa kike akiitwa na mkubwa aliitika papo hapo, ama afinywe.

"Ndoo hapa unisikize. Huko mikokoni jua likiwa la utosi, huenda ukasikia yuwakwita mtu kwa jina lako. Akikwita mara moja, usiitike. Binaadamu akikwita usimjibu, hukwita tena, na tena. Lile jingine huita mara moja, likanyamaza, likakungojea. Ukiitika tu, ushakwenda nalo. Ngoja mara ya tatu. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Hata halikuwa jambo geni. Watoto wa Likoni hulijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, wa msikitini na wa kanisani. Nyevu, ambaye baba yake ni mzee wa kanisa, analijua. Kitsao, anayejifanya haogopi kitu, analijua zaidi ya wote.

Asubuhi ya safari, mwalimu wa pili aliyepaswa kuandamana nao aliamka na homa. Mwalimu mkuu alisita. Mwalimu Valarie hakusita. Alikuwa mtu wa Kakamega, aliyejifunza kupanda majabali kwa kamba kabla ya kujifunza kuogelea, na imani yake yote ilikuwa kwenye kanuni. Kila jambo kwake lilikuwa na kanuni yake, hata kula ndizi porini.

"Ya mwisho," alisema akiwa amesimama katikati ya basi, mikono juu ya viti. "Ukipotea au ukikwama, usipige mayowe. Mikokoni maneno humezwa na miti. Kinachofika mbali ni jina la mtu. Ita jina moja, mara moja, kwa sauti kubwa. Kisha nyamaza kabisa, usikilize. Ukijibiwa ndipo useme shida yako. Usipojibiwa, ita jina la mwingine. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!" basi zima likajibu, na Kitsao akaendelea na wimbo wake pale alipokatizwa.

Israa hakujibu. Ukiita mara moja huku kwetu, nani atakuitika? Alianza kuinua mkono aulize. Kisha akawaza litakavyosikika neno jini mbele ya mwalimu wa sayansi, na yeye ndiye kiongozi. Bramwel, aliyehamia kutoka bara mwaka huu huu, angecheka mpaka Krismasi. Akaushusha mkono kabla haujafika begani. Mwalimu aliuona, akadhani anaomba jukumu, akavua filimbi yake na kumvisha.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Mimi nina sauti ya kutosha."

Na kweli asubuhi ilikuwa tamu. Maji yalikuwa yamekwenda zao, hori lote lile la bahari limebaki matope na mizizi iliyochomoza kila upande. Walivua viatu, wakatandaza fremu ya mbao juu ya tope, wakahesabu mashimo ya kaa ndani yake. Nyevu alishika kaa, kaa akamshika Nyevu. Mwalimu Valarie, suruali imekunjwa magotini, alikuwa akifurahi waziwazi kama mtoto aliyeruhusiwa kuchezea maji, na Israa alimpenda siku ile kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha.

Jua lilipopanda walirudi kwenye mwinuko wa mchanga uliokuwa katikati ya mikoko, mahali pa pekee pakavu, wakaweka mikoba na kula. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba fremu imesahauliwa kule nje karibu na mkondo. Fremu ilikuwa dhamana ya kundi la Israa.

"Naifuata," alisema Israa akiinuka.

"Kaa. Ninyi wote mkae. Hakuna mtu kuondoka hapa mpaka nirudi." Mwalimu aliacha mkoba, simu ikiwa ndani, akaingia mitini upande wa kushoto. Mgongo wake ulionekana kidogo, kisha ukawa majani.

Walikaa. Upepo ulikuwa umekata, joto limetulia juu ya vichwa. Kitsao alikuwa akisimulia jinsi mjomba wake alivyofukuzwa na bata mzinga, na kila mtu anacheka, ndipo sauti ilipokuja kutoka upande wa kulia.

"Israaa!"

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye kutetemeka mwishoni, isiyo na mwenyewe. Israa alihisi ngozi ya kichwa ikimsisimka chini ya mtandio. Alifunga mdomo, na kwa tahadhari akaweka na mkono juu yake.

Wakasubiri. Haikuita tena.

"Si ni madam huyo?" Bramwel aliuliza.

"Madam amekwenda kule," Nyevu alinong'ona akionyesha kushoto. "Hiyo imetoka huku."

"Na ingekuwa yeye angeita tena," Kitsao alisema. Rangi ilikuwa imemtoka. "Mtu asipojibiwa huita tena. Umesikia imeita tena?"

"Lakini alituambia kwa basi. Ita mara moja, nyamaza."

"Hiyo ni kanuni yetu sisi tukipotea. Mwalimu hupotea?"

Hilo lilionekana kuwa na akili. Hakuna aliyewahi kusikia mwalimu kapotea.

"Kitsaooo!"

Kitsao aliinama, akaficha uso magotini. Sasa hakuna aliyehitaji kuambiwa. Lilikuwa limemaliza jina moja, limeshika la pili, na bado kila jina lilikuwa likiitwa mara moja tu. Likaita Nyevu. Likaita Safwan, aliyekuwa ameketi pembeni akisoma ayatul kursi chini kwa chini. Likaita Sarah, likaita Tinga. Kila lilipoita, aliyeitwa alijikunyata na wenzake wakamshika mikono, wasimwache aitike kwa bahati mbaya. Hofu yao ilichanganyika na fahari kidogo. Lilikuwa jini la kweli, linawajua mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyelipa jibu.

"Bramwel!"

"Na—"

Hakumaliza. Israa alikuwa ameshamrukia, kiganja chake kikamziba mdomo na pua pamoja. Alimwegemea kwa uzito wake wote. Bramwel alikuwa na nguvu kumzidi, lakini mshangao ulimlegeza, akabaki kutumbua macho juu ya vidole vya msichana yule.

"Wewe wa bara hujui," Israa alimnong'oneza. "Nyamaza, tafadhali. Nakuokoa."

Akanyamaza. Nao wakanyamaza. Sauti iliita majina mengine, kila mara ikiwa dhaifu zaidi, na kati ya jina na jina kulikuwa na kimya kirefu, kimya cha mtu anayesikiliza. Hicho kimya ndicho kilichowatisha zaidi. Bibi alikuwa ameshasema: hunyamaza likakungojea.

Kisha ikaacha kabisa.

Nyevu ndiye aliyeona maji. Alikuwa ameweka viatu vyake chini ya mwinuko, na kiatu kimoja kilikuwa kinaelea. Wote wakageuka. Tope lililokuwa wazi muda mfupi uliopita lilikuwa limefunikwa, na maji yalikuwa yakipanda kimyakimya kati ya mizizi, bila wimbi, bila mlio, yakija pande zote kwa pamoja. Ilikuwa bamvua, siku maji yanapojaa kupita kawaida. Mkoba wa mwalimu ulikuwa umelowa upande mmoja.

"Mwalimu yuko wapi?" Sarah aliuliza, na ndipo kila mtu alipotambua kwamba swali hilo lilikuwa halijaulizwa muda wote.

"Israa."

Safari hii haikuwa ya kuvuta. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka, nayo ilitoka palepale kulia. Kitsao alimshika Israa mkono.

"Mara ya pili," Israa alisema. "Ni mara ya pili. Bado moja."

Alisimama, mdomo wazi, akingoja. Hakuwahi kutamani kitu maishani kama alivyotamani jina lake litajwe mara nyingine. Ita, alisema moyoni. Ita mara moja tu, nami nitaitika, bibi amesema nitaruhusiwa kuitika. Maji yakafika kwenye vidole vyake vya miguu. Toka kulia kukaja kikohozi.

Kilikuwa kikohozi kibaya, cha mtu aliyemeza maji ya chumvi, kikifuatiwa na kutema na kuvuta pumzi. Israa alikuwa amesikia habari nyingi za majini tangu utotoni: yanayopanda watu vichwani, yanayotaka ubani, yanayooa. Hakuwahi kusikia jini lenye kukohoa.

"ABEE!" alipiga ukelele. "Abee, mwalimu! Abee! Abee!"

Akapuliza filimbi mpaka masikio yakamuuma, filimbi iliyokuwa ikining'inia kifuani mwake muda wote ule. Kutoka mitini ikaja sauti isiyo jina la mtu wala neno, kilio tu, na kila mmoja pale juu akaijua ni ya nani.

Walimkuta mbali kidogo tu. Hilo ndilo Israa hakuweza kulisahau baadaye, kwamba ilikuwa karibu vile. Alikuwa amezama kwenye tope mpaka kiunoni, mguu umenaswa kwenye mizizi chini, na maji yalikuwa yamemfikia mabegani. Mikono yake ilikuwa imekumbatia shina la mkoko, lakini ilikumbatia kivivu, kama ya mtu aliyesinzia. Kamba ilikuwa ndani ya mkoba wake, na wao walikuwa wameikalia.

Walifanya alivyowafundisha. Walilala kifudifudi juu ya mizizi, wakashikana miguu, wakampitishia kamba kwapani. Bramwel alizamisha kichwa na kuufungua mguu. Wakavuta, Kitsao akilia kwa sauti bila aibu, na tope likamwachia mwalimu wao kwa mlio wa kuchukiza.

Hakuwapa nafasi ya kupumzika. "Barabarani," alisema. "Sasa hivi. Mikoba acheni." Walipita kwenye njia waliyojia ikiwa tayari na maji ya magoti, kisha ya mapaja kwa wafupi. Walipofika juu, kwenye ardhi ngumu karibu na basi, Israa aligeuka kutazama nyuma. Mwinuko wa mchanga haukuwepo tena. Palikuwa na maji matupu, na juu yake mkoba mmoja ukizunguka polepole.

Israa alikaa pale pale kwenye vumbi.

Mwalimu Valarie alikuwa akiwagusa vichwa mmoja mmoja. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Upepo," alisema. "Upepo ulikuwa unachukua sauti yangu, eti? Hamkunisikia."

Alikuwa amewapa mlango, mpana kabisa, wa kutokea. Kitsao aliutazama mchanga. Nyevu alifunga macho. Bramwel alimtazama Israa, alama za vidole vya msichana yule zikiwa bado shavuni mwake.

"Upepo haukuwepo, mwalimu," Israa alisema. "Tulikusikia."

"Nani alinisikia?"

"Sote. Kila jina." Akamweleza. Alieleza bila kujipamba: jini, mara moja, mara tatu, na mkono wake juu ya mdomo wa Bramwel, aliyekuwa peke yake tayari kuitika. Alieleza hata mkono alioushusha ndani ya basi. Kadiri alivyosema ndivyo maneno yalivyozidi kusikika ya kipumbavu, na hakuwa na mengine.

Alitarajia hasira. Mwalimu Valarie alikaa chini mbele yake, taratibu, kama mtu mzee.

"Kwa hiyo mlikuwa wazima," alisema. "Muda wote mlikuwa mmekaa pale, wazima."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kule nje niliona chaza kwenye mashina. Juu, juu zaidi ya ule mwinuko. Chaza hakai mahali maji hayafiki. Nikajua mahali nilipowaacha patafunikwa. Nikakata njia kwa upande wa kulia kwenu nirudi upesi niwatoe, ndipo nikazama." Alifuta tope kidevuni. "Sikuwa naita mnisaidie. Nilikuwa naita mtoke. Nilianza na wewe kwa sababu una filimbi. Hukuitika. Nikamwita mwingine. Hakuitika. Mwingine. Mlikuwa mmekaa pamoja. Yupi asiye na masikio? Nikaona kwamba maji yamewafikia kabla yangu. Kila aliyenyamaza nilijua amekwenda. Nikaita darasa zima, na darasa zima likanyamaza."

"Hapo nikaacha kujivuta," alisema. "Nilikuwa bado na nguvu, kidogo. Lakini nitoke nirudi kwa nani? Niende kuwaambia nini wazazi wenu?"

Israa alisikia kelele ya ajabu na akagundua imetoka kooni mwake. Alikuwa ameogopa kitu kitakachomchukua akiitika. Kumbe kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kunachukua mtu, jina kwa jina, naye alikuwa akijisifu.

"Mbona... mbona mimi uliniita tena?"

"Kwa sababu ya bibi yako," alisema Mwalimu Valarie. "Nilikaa kwenye mkeka wake nikamwahidi."

Aliitimiza ahadi. Jioni ile ile, jua bado lipo, alimfikisha Israa hadi mlangoni Timbwani, tope limewakaukia mwilini wote wawili, mwalimu akiwa na kiatu cha kuazima mguu mmoja. Bi Mahfoudha alitoka, akashika kifua.

"Alhamdulillahi! Mumekuwaje, wanangu? Mumetoka kaburini?"

"Maji yalituwahi, bibi," mwalimu alisema. "Lakini huyu hapa, kama nilivyoahidi."

Bibi alimgeuza Israa huku na huku, akamkagua mikono, masikio, macho. Kisha akamvuta karibu, na kwa sauti ya chini, ingawa mwalimu alisikia, akamuuliza: "Uliitwa?"

"Niliitwa, bibi."

"Na ulishika niliyokwambia?"

Israa alimtazama mwalimu wake. Mwalimu alitazama kiatu cha kuazima.

"Niliyashika, bibi."

Uso wa bibi ukafunguka wote kwa fahari. "Waona sasa?" alimwambia mwalimu, akimpigapiga Israa mgongoni. "Ndiyo maana wamerudi salama."

Mwalimu Valarie aliinamisha kichwa. Aliaga kwa adabu yote, akakataa chai, akashuka kibarazani akichechemea kuelekea barabarani. Israa alibaki mikononi mwa bibi, machozi yakimtiririka, na bibi akadhani ni ya uchovu. Alijua itambidi aseme, leo leo, kabla ya chakula, na kwamba maneno hayo yatamvunja bibi yake kuliko alivyovunjika yeye.

Mwalimu alikuwa amefika kwenye kona. Alisimama, bila kugeuka, kama mtu anayekagua kama kitu kinafanya kazi.

"Israa," aliita, si kwa nguvu.

"Abee!"

Bi Mahfoudha alishtuka, akamziba mdomo kwa kiganja. "We! Amekwita mara moja tu!"

Israa aliushika mkono wa bibi yake, akauondoa polepole mdomoni, akaendelea kuushika.

"Najua, bibi," alisema. "Kaa hapa nikwambie."